Meli Iliyofika Kisumu Vipande Vipande
William Mackinnon, meli ya kwanza ya mvuke kuzinduliwa Kisumu, ilifika Ziwa Victoria kwa nchi kavu. Iliundwa Scotland mwaka 1890 kama meli nyingine za aina yake: mabamba hufungwa kwa bolti, hupigwa namba, kisha hufunguliwa na kupakiwa. Kazi ngumu ilianzia Mombasa. Reli haikuwa imefika ziwani, hivyo vipande vilibebwa na wapagazi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Bamba la chuma, bahati mbaya, halikunjiki kama mtumba wa nguo. Miaka ilipita kabla meli haijaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1900. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, upagazi huo ulikwisha: vipande vya Winifred, iliyozinduliwa 1902, na Sybil, 1903, vililetwa kwa mabehewa.