Shahada ya uhandisi huzeeka: Kwa nini mhandisi hana budi kusoma maisha yake yote

MHANDISI wa majengo aliyefuzu katika Afrika Mashariki mwaka wa 1970 alifunzwa kukadiria uimara wa zege kwa kanuni ya Uingereza iliyoitwa CP 114. Kabla hajaizoea kazi, mwaka wa 1972 ilichapishwa CP 110, iliyogeuza hata namna ya kufikiri: badala ya kuuliza zege liruhusiwe kubeba mkazo kiasi gani, alitakiwa kuuliza jengo litavunjika katika hali gani, na katika hali gani litapinda au kupasuka hata lisifae kutumika. Mwaka wa 1985 ikaja BS 8110. Nayo iliondolewa na Waingereza wenyewe mwaka wa 2010, na nafasi yake ikatwaliwa na kanuni za Ulaya zijulikanazo kama Eurocode, ambazo Kenya pia imezikubali. Mtu mmoja, shahada moja, kanuni nne.

Hapo ndipo inapotoka haja ya mafunzo endelevu ya kitaaluma, yaani masomo ambayo mhandisi huendelea kuyapata baada ya kuondoka chuoni hadi siku atakapoacha kazi.

Nchini Kenya jambo hili si la hiari. Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi, EBK, iliyochukua mahali pa bodi ya awali ya usajili. Chini ya sheria hiyo anayetoka chuoni husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi kwa miaka kadhaa chini ya uangalizi kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Hata akishafika hapo, leseni yake huhitaji kutolewa upya kila mwaka, na bodi hutaka ithibati kwamba mwenye leseni ameendelea kujifunza. Ithibati hiyo huhesabiwa kwa alama, zipatikanazo kwa kuhudhuria kozi na makongamano, kuandika makala za kitaalamu au kuwalea wahandisi chipukizi.

Anayedhani kwamba huu ni urasimu mtupu na autazame mfano mmoja mdogo. Nguvu ya zege hupimwa kwa kulibana sampuli yake katika mashine hadi ipasuke. Katika kanuni za zamani za Uingereza, nambari iliyotumiwa katika hesabu ilikuwa ya sampuli yenye umbo la mchemraba. Eurocode hutumia sampuli ya silinda, ambayo ni refu kuliko upana wake na hivyo hupasuka mapema zaidi, hata kama zege ni lile lile. Ndiyo maana zege la kawaida huandikwa C25/30: 25 ni nguvu ya silinda, 30 ni ya mchemraba. Mhandisi aliyezoea mambo ya kale akiingiza 30 mahali pa 25, ameipa nguzo sifa ya nguvu iliyozidi ile halisi kwa sehemu moja ya tano. Hakuna fundi wala mpangaji atakayeligundua kosa hilo kwa macho, hasa kwa kuwa katika maeneo mengi ya ujenzi nchini sampuli zinazojazwa zege ni za mchemraba hadi leo.

Haki isemwe, si kila maafa huletwa na mhandisi aliyepitwa na wakati. Jengo la orofa sita lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mnamo Aprili 29, 2016 na kuua zaidi ya watu 40 lilikuwa limejengwa kando ya mto bila idhini. Pale ambapo mwenye ploti hamtafuti mhandisi kabisa, alama za masomo hazimwokoi mtu.

Lakini hata alama zenyewe zina kasoro. Kuhesabu saa ambazo mtu ameketi ukumbini ni rahisi. Kupima alichoelewa ni vigumu. Mhandisi anaweza kujaza alama zake zote kwa hotuba za uongozi na biashara ilhali kazi yake ni kusanifu madaraja. Kongamano la hotelini nalo lina ada, nauli na malazi, mzigo ambao aliyeajiriwa na kampuni kubwa hulipiwa, lakini kijana anayejitegemea mbali na jiji huubeba mwenyewe. Mihadhara ya mtandaoni, iliyoenea tangu janga la corona la mwaka wa 2020, imepunguza gharama hiyo, ingawa kumsikiliza mtu kwenye simu si sawa na kusimama naye penye msingi uliochimbwa.

Suala hili limevuka mipaka pia. Mnamo 2012 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kutambua wahandisi wa kila mmoja wao. Mhandisi wa Kisumu anayetaka kujenga Mwanza hupimwa kwa rekodi yake ya kitaaluma, na wala si kwa shahada pekee.