Kipimo cha jibini iliyokunwa

Kipimo cha jibini iliyokunwa hutajwa katika mapishi ama kwa uzito (gramu au aunsi) ama kwa ujazo (kikombe). Mapishi ya Marekani mara nyingi hutumia kikombe chenye takriban mililita 237, ilhali yale ya Ulaya hutumia gramu.

Kikombe kimoja cha cheddar iliyokunwa kwa matundu makubwa huhesabiwa kuwa aunsi 4 za uzito, yaani gramu 113 hivi. Hivyo kipande cha gramu 250 hutoa zaidi kidogo ya vikombe viwili.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kikombe hubeba aunsi 8 za jibini. Aunsi hizo 8 ni za ujazo, na hupimia vimiminika kama maji na maziwa. Anayezichanganya huweka jibini maradufu, na chakula huzidi chumvi na mafuta.

Kiwango hicho hakifai kwa kila jibini. Parmesan iliyokunwa kwa meno madogo huwa nyuzi nyepesi zenye hewa nyingi kati yake. Ikisagwa kuwa unga, kikombe kilekile huwa kizito zaidi. Kushindilia pia huongeza uzito. Kwa sababu hiyo mizani huaminika kuliko kikombe.