Killiecrankie: Bonde Lililomuua Mshindi

Katika milima ya Uskoti, Mto Garry hupita kwa kishindo kwenye bonde jembamba la Killiecrankie, lenye miamba na misitu pande zote mbili. Karne ya 17, hii ndiyo iliyokuwa njia ya kuifikia ngome ya Blair. Tarehe 27 Julai 1689, John Graham wa Claverhouse alipata hapa ushindi na mauti jioni moja.

Claverhouse alijifunza uaskari katika majeshi ya Ufaransa na Uholanzi. Aliporudi kwao alipewa kikosi cha farasi, akatumwa kuwasaka Wapresbiteri wa kusini-magharibi waliokataa dini yao isimamiwe na mfalme. Walimshinda Drumclog mwezi Juni 1679, lakini msako haukukoma. Mwaka 1685 aliamuru mkulima John Brown apigwe risasi nyumbani kwake Priesthill. Kusini alilaaniwa kama mwuaji. Wafuasi wa mfalme walimsifu kwa ushujaa na uzuri wa sura.

Novemba 1688, Mfalme James wa Saba alimpa cheo cha Viscount wa Dundee. Mwezi uliofuata mfalme alikimbilia Ufaransa, na William wa Orange akashika nchi. Dundee hakubadili upande. Aprili 1689 alitweka bendera ya James juu ya kilima cha mji wa Dundee, kisha akapanda milimani kukusanya koo.

Huko Killiecrankie aliwapanga watu wake kama 2,400 mlimani, juu ya jeshi kubwa zaidi la Jenerali Hugh Mackay, aliyepigania William. Alisubiri hadi jua lilipoacha kuwapiga machoni, ndipo wakateremka mbio na panga. Singe za askari wa Mackay zilichomekwa ndani ya mtutu: ukishaichomeka hufyatui tena, ukichelewa adui amekufikia. Wengi walikatwa kabla hawajamaliza kuzichomeka. Lakini Dundee naye alipigwa risasi akafa, akazikwa katika kanisa la St Bride, karibu na Blair.

Hakuacha mtu wa kuziunganisha koo zile. Tarehe 21 Agosti zilishindwa mjini Dunkeld na kikosi cha Wapresbiteri wale wale aliokuwa akiwasaka. Mackay aliponea Killiecrankie, akaishi kurekebisha singe. James hakurudi tena kwenye kiti chake. Dundee aliweza kushinda pigano. Hakumwandaa mtu wa kuendeleza vita, na hilo ndilo kosa lililomgharimu mfalme wake.