Jina la Nzige, Kuanzia Lukole

Warundi waliokimbia vita baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wakafikia kambi ya Lukole wilayani Ngara, hawakuhitaji mkalimani wa neno nzige. Kwao ni inzige, na kwa Wanyarwanda vilevile. Waganda husema enzige, Wagikuyu ngigĩ, na Waswahili wa pwani, mbali kabisa na vilima vya Ngara, nzige. Neno lililoenea namna hiyo, kila lugha ikilitamka kwa kanuni zake, haliwezi kuwa la kuazima juzi. Ni la ukoo wa Kibantu, nalo limetangulia mipaka ya Mjerumani na Mbelgiji. Hoja yangu ni kwamba lilikuwa jina la janga kabla ya kuwa jina la mdudu.

Kagera, mkoa iliko Ngara, yenyewe inatoa ushahidi. Senene naye huja usiku kwa makundi, hasa mvua za Novemba na Desemba, na ukimtazama harakaharaka utadhani ni nzige. Lakini Mhaya wa mkoa huo hachanganyi majina hayo. Senene hunyonyolewa mbawa na miguu, hutiwa chumvi, kisha hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe mpaka akauke. Mtu atasema tofauti basi ni ya chakula tu. Sivyo, kwani nzige pia wameliwa na watu wengi nchini. Tofauti iko shambani: senene akishapita mtu anatafuta kikaango, nzige wakishapita anatafuta mbegu.

Ushahidi wa pili uko kwenye maji. Ziwa ambalo msafiri Samuel Baker alilifikia mwaka 1864 na kulibandika jina la Albert, mume wa Malkia Victoria, wenyeji walikuwa wakiliita Mwitanzige, yaani muua nzige, na ziwa lililo kusini yake msafiri Stanley alilisikia likiitwa kwa jina la aina hiyohiyo. Panzi mmoja akifa maji hakuna atakayeliita ziwa kwa kifo chake. Ni kundi zima lililoshindwa kuvuka.

Pingamizi zito latoka kwa wataalamu. Nzige mwekundu hukaa miaka mingi katika mbuga za majimaji za Rukwa na za bonde la Malagarasi, kusini mwa Ngara na Biharamulo, bila kuunda kundi, na bado huitwa nzige. Ni kweli, ila matumizi hayo ni mapya. Ni mwaka 1921 tu mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoonyesha kwamba mdudu wa upweke na yule wa kundi ni mmoja, msongamano ndio unaombadilisha. Kabla ya hapo hata vitabu vya sayansi viliwaandika kama wawili. Wakulima walioona makundi mekundu kati ya 1930 na 1944 walikuwa na panzi kwa yule wa majanini, tunutu kwa watoto wasio na mbawa wanaotembea ardhini, na nzige kwa wale wanaofunika anga. Mwaka 2009, dawa iliyotengenezwa kwa kuvu ilipopuliziwa Malagarasi, ililengwa kwa wadudu ambao walikuwa hawajaondoka mbugani; wataalamu walikwisha kuwaita nzige kabla hawajagusa shamba la mtu.