DDT: marufuku ambayo haikutuhusu

Juzi tulikuwa wanne mezani, kila mtu na sahani yake ya chipsi mayai. Mjadala ulianzia kwenye vyandarua ukaishia kwa Rachel Carson. Msiniulize tulifikaje huko, waandishi wa habari tukikaa pamoja ndivyo tulivyo. Rafiki yangu mmoja, msomi hasa, akagonga meza: "Yule mama wa Kimarekani kaua Waafrika kuliko vita! Kaandika kitabu, DDT ikapigwa marufuku, sisi tukaachiwa mbu." Wengine wakaitikia. Na mimi niliwahi kuamini hivyo, maana ni hadithi inayosimulika vizuri, tena inatuweka sisi katikati. Pale mezani nilikosa tarehe za kumjibu. Sasa ninazo.

DDT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na mwanafunzi wa kemia, Othmar Zeidler, ambaye hakujua kama inaua hata inzi. Ikakaa miaka 65 haina kazi. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, akagundua kwamba mdudu akiigusa tu, mishipa yake ya fahamu inavurugika, anatetemeka mpaka anakufa. Dunia ilikuwa inaingia vitani. Homa ya chawa ilipolipuka Naples mwishoni mwa 1943 (nasema chawa wa kwenye nguo, siyo hawa wa siku hizi wanaosifia wakubwa), majeshi ya Marekani na washirika wake yaliwapulizia watu zaidi ya milioni moja unga wa kuua chawa, DDT ikiwemo, na ugonjwa ukazimwa. Mwaka 1948 Müller akapewa Nobel ya tiba. Ndiyo, Nobel.

Kwa malaria, uzuri wa DDT ulikuwa kwenye ukoko. Mbu akishashiba damu huwa mzito, hutua ukutani kupumzika. Ukuta uliopuliziwa DDT unaweza kumuua miezi sita baada ya mpuliziaji kuondoka, na kwa bei ya chini. Lakini kudumu huko ndiko kulikoiponza.

Wamarekani hawakuishia kwenye kuta. Waliimwaga kwenye pamba, kwenye misitu, kwenye miti ya mitaani, nyingine kwa ndege. Mwaka 1959 peke yake walitumia karibu kilo milioni 36. Huko Michigan walipulizia miti iitwayo elm ili kuua wadudu wanaosambaza ugonjwa wake. Majani yakadondoka na sumu yake, nyungunyungu wakayala, ndege aitwaye robin akawala nyungunyungu, na maiti za robin zikaanza kuokotwa kwenye nyasi za chuo kikuu. DDT haiyeyuki kwenye maji, inakaa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo kila anayemla mwenzake anarithi mzigo wake. Wakubwa wa angani, tai na vipanga, ndio waliobeba mwingi. Mabaki yake yakafanya maganda ya mayai yao kuwa membamba, mama akilalia yai linapasuka. Kufikia 1963 tai mwenye kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya taifa la Marekani, alibaki na jozi 417 tu zilizokuwa zikijenga viota nje ya Alaska.

Hapo ndipo anapoingia Carson, mwanabiolojia aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya serikali ya samaki na wanyamapori. Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka 1962. Makampuni ya kemikali yalimshukia kama mwewe. Rafiki yangu aliyegonga meza angeshangaa kukisoma: Carson hakusema dawa zote zipigwe marufuku. Na alionya kwamba wadudu wanaobeba magonjwa walikuwa wanakuwa sugu kwa sababu dawa inamwagwa ovyo. Alifariki kwa saratani Aprili 1964, miaka minane kabla ya marufuku anayolaumiwa nayo.

Marufuku yenyewe ilitolewa tarehe 14 Juni 1972 na William Ruckelshaus, mkuu wa shirika jipya la mazingira la Marekani, EPA. Wapinzani wake wana hoja moja ya haki: vikao vya kusikiliza mashahidi 125 vilichukua miezi saba, na aliyeviongoza alipendekeza DDT isifutwe. Ruckelshaus akampindua. Lakini soma alichofuta: matumizi ya mashambani, ndani ya Marekani. Matumizi ya afya ya jamii yaliachwa. Kuiuza nje kuliachwa. Hakuna mbu hata mmoja wa Tanga au Kisumu aliyeokolewa na karatasi ile.

Sasa sisi tulikuwa wapi? Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kufuta malaria duniani mwaka 1955, DDT ikiwa silaha yake kuu. Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje kwa sehemu kubwa. Ilionekana kazi ni ngumu mno. Lengo la kufuta malaria liliwekwa kando 1969, miaka mitatu kabla ya Ruckelshaus kushika kalamu! Yaani tulinyimwa kabla ya kunyang'anywa.

Unguja na Pemba zilikuwa kati ya sehemu chache zilizoonja. Marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia wapuliziaji wenye bomba mgongoni, vyombo vyote vinatolewa uani, ukuta unabaki na madoa meupe. Kilichomfurahisha zaidi ni kunguni kufa, malaria ilikuwa habari ya daktari. Malaria ilishuka sana visiwani. Mwaka 1968 mradi ukasimamishwa, na ugonjwa ukarudi.

Sri Lanka nako, 1963 walibaki na wagonjwa 17. Nchi nzima! Wakaacha kupulizia, na miaka ya 1968 na 1969 wakaugua zaidi ya nusu milioni. DDT ilirudishwa, lakini mbu wa kule walishakuwa sugu, ikabidi watafute dawa nyingine. Hapo napo hakuna marufuku. Kuna watu waliodhani wameshashinda.

Mfano unaomsaidia rafiki yangu ni Afrika Kusini, nami sitauficha. Mwaka 1996 waliacha DDT, wakahamia dawa za jamii ya pareto. Mbu aina ya funestus akarudi akiwa sugu kwa dawa hizo, na mwaka 2000 wagonjwa walizidi 60,000. DDT ikarudishwa mwaka huo huo, zikaongezwa dawa mpya za kutibu, na malaria ikashuka. Kwa hiyo ndiyo, kuiacha kunaweza kuua. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kufanya kazi 2004, ulilijua hilo: ulizuia DDT mashambani ukaruhusu ipuliziwe kuzuia magonjwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono hadharani kwa ndani ya nyumba.

Uganda ilijaribu 2008, wilaya za Apac na Oyam. Waliokwenda mahakamani kuizuia hawakuwa wazungu wenye mapenzi na ndege. Ni watu wa kilimo hai, waliohofia wanunuzi wa Ulaya wangekataa mazao yao. Mahakama ikasimamisha.

Na Tanzania? Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lililetewa msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vilivyokwisha muda wake, DDT ikiwemo. Ghala likabomoka, mvua ikanyeshea juu yake miaka nenda rudi. Watafiti walipokuja kupima udongo, DDT walikuta ipo. Hakuna mbu aliyeuawa nayo. Rafiki yangu nimemwambia twende wote Kibaha tukaandike habari ile upya, naye kakubali, kwa sharti kwamba chipsi za safari nalipa mimi.