Nyongo Iliyooza na Maradhi Yaliyodhaniwa Si Yetu

Aliyewahi kumpasua mbuzi anajua jinsi mkono unavyopunguza kasi ukifika kwenye ini. Hapo pamejibanza kifuko kidogo cha kijani, na kikitobolewa kwa bahati mbaya, nyama yote iliyo karibu huwa chungu. Wachinjaji wa Dagoretti, wanaolisha mabucha mengi ya Nairobi, hukitoa kwa uangalifu. Hata kipenzi asiyebanduka moyoni huitwa nyongo mkalia ini.

Kwa mwanadamu pia kifuko hicho kimelikalia ini, upande wa kulia, chini ya mbavu. Huweka akiba ya nyongo na kuimimina utumboni tunapokula mafuta. Balaa huanza nyongo inapoganda ikawa mawe, kisha jiwe moja likaziba mlango wa kutokea. Kifuko hujaa na kuvimba hadi damu ikashindwa kuufikia ukuta wake, na ukuta huo ukaanza kufa. Wazee walipoona nyama ya mguu imekufa, hali hiyo waliiita donda ndugu. Hili ni donda ndugu la ndani, ambalo jicho halilioni.

Tarehe 15 Juni 1867, huko Indianapolis nchini Marekani, daktari John Bobbs alimpasua mwanamke aliyekuwa na uvimbe tumboni bila kujua uvimbe wenyewe ni nini. Akakuta kifuko cha nyongo kimesheheni mawe. Aliyatoa, akakishona kifuko na kukiacha mahali pake, na mgonjwa akapona. Lakini kifuko kilichotengeneza mawe mara ya kwanza kinaweza kuyatengeneza tena. Aliyelishika jambo hilo kwa dhati ni Carl Langenbuch wa Hospitali ya Lazarus mjini Berlin. Alijizoeza kwanza kwa maiti, kisha tarehe 15 Julai 1882 akamtoa kifuko chote mwanamume wa miaka 43 aliyekuwa ameteseka kwa miaka 16. Wengi waliamini kwamba mtu hawezi kuishi bila kiungo hicho. Anaweza, kwa sababu ini huendelea kutengeneza nyongo na kuimwaga moja kwa moja utumboni. Hata tembo wa Tsavo na Amboseli hawana kifuko cha nyongo, na wanaishi miaka mingi.

Wakati huo Nairobi ilikuwa haijazaliwa; reli ilifika hapa mwaka 1899. Hospitali ya wenyeji, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianzishwa mwaka 1901. Na hapa ndipo historia ya ugonjwa huu inapotuhusu sisi.

Hugh Trowell, tabibu Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafundisha Mulago, Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960. Wote wawili waliona kwamba mawe ya nyongo, yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, yalikuwa nadra sana kwa Waafrika wa vijijini. Walieleza kwamba sababu ni chakula: watu waliokula nafaka isiyokobolewa, maharagwe na mboga walikingwa na makapi ya chakula hicho. Sidhani walikosea kuhusu kile walichokiona. Kosa limekuja baadaye, pale kauli iliyohusu mkulima wa enzi ile ilipogeuka kuwa imani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mjukuu wa mkulima yule leo anaishi Kangemi, hapa Nairobi, kando ya Waiyaki Way, anakula chapati za unga mweupe, chipsi na soda.

Isitoshe, kuna mawe ambayo hayangoji chipsi. Trowell mwenyewe aliandika kuhusu ugonjwa wa selimundu Uganda mwaka 1945. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba chembe ya urithi inayoleta ugonjwa huo ni ya kawaida zaidi mahali penye malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani, kwa kuwa anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Chembe zake nyekundu za damu huvunjika upesi, na mabaki yake huganda ndani ya nyongo yakawa mawe, hata kwa mtoto. Kangemi ina familia nyingi zilizotoka magharibi mwa Kenya. Mama aliyezoea kumwona mwanawe akilia kwa maumivu ya selimundu anaweza kudhani tumbo la leo ni lilelile la jana.

Dalili zenyewe si za siri. Maumivu makali hushika chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, mara nyingi baada ya mlo wenye mafuta, na huweza kwenda hadi bega la kulia. Yakidumu zaidi ya muda wa saa sita, tena kukiwa na homa na kutapika, kifuko huenda kimeshavimba. John Murphy wa Chicago, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwafundisha madaktari kubonyeza hapo na kumwambia mgonjwa avute pumzi: pumzi ikikatika ghafla kwa maumivu, shuku nyongo. Ila kifuko kinapooza, mishipa ya fahamu nayo hufa. Maumivu yanaweza kupungua, na kipimo cha Murphy kisionyeshe kitu, huku mgonjwa akizidi kudhoofika na moyo ukienda mbio. Nafuu hiyo ni ya uongo na imewaponza wengi, hasa wazee na wenye kisukari.

Altrasaundi huonyesha mawe na unene wa ukuta; skani ya CT huonyesha vizuri zaidi sehemu isiyopata damu. Tiba ni maji ya mishipa, viuavijasumu na kukitoa kifuko haraka kabla hakijapasuka. Tangu daktari Erich Mühe alipokitoa kupitia matundu madogo huko Böblingen, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 1985, wengi hawahitaji tena kupasuliwa tumbo lote, ingawa kilichooza mara nyingine humlazimu daktari kulifungua. Aliye dhaifu mno hutiwa kwanza mrija wa kutoa usaha.

Ndugu msomaji wa Kangemi, ukidhani maumivu hayo ni ya vidonda vya tumbo na dawa ya dukani isipokusaidia, usiinunue mara ya pili. Nenda kituo cha afya, na ukiwa na homa na maumivu yasiyoisha, omba rufaa ya hospitali kubwa siku hiyohiyo. Ukifika, uliza waziwazi: nyongo yangu imeangaliwa?