Kito Kilichopinda: Historia ya Magatama na Jina Tusilopaswa Kulipoteza

Jioni moja mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliniomba nimsaidie kuandika kwa Kiswahili muhtasari wa katuni aliyoipenda. Katuni yenyewe ni ya Kijapani, nayo imetokana na mchezo wa video. Alikuwa amefika mahali ambapo wakili, shujaa wa hadithi, anakishika kito kidogo cha kijani, na mara minyororo inamzunguka mtu anayehojiwa na kufuli zinajitokeza mbele yake, ishara ya kwamba ana siri moyoni. "Mjomba," akaniuliza, "hiki nikiite hirizi?" Nilimjibu bila kufikiri: "Ndiyo, kiite hirizi." Tangu usiku ule jibu langu limeninyima raha, na makala haya ni njia yangu ya kulirekebisha.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuuona. Kampuni ya Capcom ilitoa mwaka 2001 mchezo uitwao Gyakuten Saiban, uliobuniwa na Shu Takumi, ambao wasomaji wa Kiingereza waliujua baadaye kwa jina la Ace Attorney. Mchezaji huwa wakili wa utetezi, huwahoji mashahidi, na huutafuta uongo katika maneno yao. Msaidizi wa wakili huyo ni binti aitwaye Maya, wa ukoo wa watu wanaozungumza na roho za wafu, naye huvaa shingoni kito chenye umbo la mkato wa maandishi: kichwa kinene cha mviringo chenye tundu, na mkia uliopinda. Hiyo ndiyo magatama. Katika mchezo wa pili, uliotoka mwaka 2002, kito hicho kinapata kazi. Maya anamkabidhi wakili, na binamu yake mdogo, Pearl, anakijaza nguvu za kiroho. Kuanzia hapo wakili anaweza kuziona kufuli za siri. Kadiri siri ilivyo nzito ndivyo kufuli zinavyozidi, na hazivunjwi kwa nguvu wala kwa dua, bali kwa ushahidi mmoja baada ya mwingine. Mwezi Aprili 2016 visa hivi vilianza kuonyeshwa kama katuni ya televisheni iliyotengenezwa na studio ya A-1 Pictures, na ndiyo hiyo aliyokuwa akiitazama mpwa wangu.

Sasa turudi kwenye neno langu la haraka. Hirizi, kama tuijuavyo sisi wa pwani, ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya kinga. Hirizi hushonewa ndani ya kipande cha ngozi au kitambaa, na mara nyingi ndani yake mna maandishi. Uwezo wake, kwa wanaouamini, umo katika maneno yaliyoandikwa. Ngozi ni kifuniko tu. Tena hirizi hukinga: humzuilia aliyeivaa husuda, maradhi na shari. Magatama haina andiko lolote, na ile ya mchezoni haimkingi mtu. Inafunua. Nilifikiria talasimu, nikaona nayo inavuta akili kwenye maandishi na michoro ya uganga. Fingo huzikwa ardhini. Azima ina watu wake na taratibu zake. Kidani ni pambo tupu. Kila neno nililolishika lilikuwa zuri mahali pake, lakini halikuwa na historia ya jiwe hili. Ndipo nikaona kwamba nilimjibu kijana kuhusu kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua.

Magatama si kitu kilichobuniwa na watengenezaji wa michezo. Jina lake kwa Kijapani lina sehemu mbili: ya kwanza inatokana na kupinda, na ya pili, tama, ni kito. Neno tama linafanana pia na neno la kale la roho, na wapo wataalamu wanaoona kwamba kufanana huko si bahati nasibu. Vito vya namna hii vilianza kutengenezwa Japani katika zama za Jomon, maelfu ya miaka iliyopita, kabla kilimo cha mpunga hakijaenea visiwani humo. Vilivyothaminiwa zaidi vilichongwa kwa jadeiti, jiwe gumu lenye weupe na ukijani, ambalo Wajapani huliita hisui. Kulitoboa jiwe hilo bila chombo cha chuma, kwa mchanga mgumu na maji na subira, kulikuwa kazi ya siku nyingi. Kuhusu umbo, wengine husema ni jino la mnyama, wengine mwezi mwandamo, wengine mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Wajuzi hawajakubaliana, nami sitajifanya mwamuzi.

Zama za Kofun zilipofika, kati ya karne ya 3 na ya 7, magatama ilikuwa imekwisha kuwa alama ya ukubwa. Wakuu walizikwa nayo chini ya vilima vikubwa vya makaburi. Ng'ambo ya bahari, katika ufalme wa Silla huko Korea, mataji ya dhahabu ya wafalme yalining'inizwa vito vya umbo hilo hilo. Katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712, tunasimuliwa jinsi Amaterasu, mungu wa jua, alivyokasirika akajificha pangoni, dunia ikawa giza. Miungu wengine wakang'oa mti, wakatundika juu yake mikufu ya magatama na kioo, wakafanya shangwe mpaka akachungulia, na nuru ikarejea. Kito hicho na kioo hicho, pamoja na upanga, ndivyo vilivyokuja kuhesabiwa kuwa amana tatu za ufalme wa Japani.

Msomaji wa pwani hatashangazwa na wazo la amana ya ufalme. Sisi tulikuwa na siwa, ya pembe ya ndovu huko Pate na ya shaba huko Lamu, na bila siwa kulia, sherehe ya mtawala ilipungukiwa heshima. Ila kito cha Japani kimepita katika msiba ambao siwa zetu hazikuupata. Mwaka 1185, katika vita vya baharini vya Dan-no-ura, ukoo wa Taira ulishindwa. Bibi wa mfalme Antoku, ambaye alikuwa mtoto mdogo, alimkumbatia mjukuu wake akajitosa naye baharini pamoja na amana za ufalme. Masimulizi ya vita hivyo yanaeleza kwamba upanga ulizama ukapotea, lakini kisanduku cha kito kilielea juu ya maji kikaokolewa. Tarehe 1 Mei 2019, Naruhito alipokirithi kiti cha baba yake, visanduku viliwekwa mbele yake vikiwa vimefunikwa. Kito hakikuonyeshwa kwa watu, na hakionyeshwi hadi leo. Inastaajabisha kwamba kito ambacho watoto wa dunia nzima hukiona katika katuni kikifunua siri za watu, ndugu yake mkubwa ni siri isiyofunuliwa.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi, na kilichonifanya niandike katika ukurasa huu wa wapenzi wa ushairi, ni cha mahali lilipotoka jiwe.

Baada ya karne ya 8 desturi ya kuvaa magatama ilififia. Dini ya Kibuddha ilikuwa imeleta alama mpya za heshima, mafundi wa jadeiti wakatoweka, na maarifa ya machimbo yakaenda nao. Kwa zaidi ya miaka 1,000 hakuna aliyejua jiwe lile lilikuwa likipatikana wapi. Wanaakiolojia wa zama za karibu walipofukua vito vile makaburini, wengi wao walishikilia kwamba jiwe lazima liliagizwa kutoka nje, pengine Burma au China, kwa sababu hapakuwa na aliyeliona katika ardhi ya Japani.

Kumbe ushairi ulikuwa ukijua. Katika Man'yoshu, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8, limo shairi lisilo na jina la mtunzi linalotaja mto Nunakawa na kito kilicho chini ya maji yake. Na katika Kojiki mnatajwa binti mfalme wa nchi ya Koshi, Nunakawahime, aliyeposwa na mungu aliyesafiri kutoka mbali. Majina hayo yalisomwa karne baada ya karne kama mapambo ya hadithi. Alikuwapo mshairi mmoja, Soma Gyofu, mzaliwa wa Itoigawa katika mkoa wa Niigata, ambaye ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa Chuo Kikuu cha Waseda. Alirudi kuishi mjini kwao, akatafakari majina yale, akasema: kama binti huyo alikuwa wa nchi hii, na mto ule ni wa nchi hii, basi huenda kito nacho ni cha nchi hii. Neno lake likafika kwa wenyeji. Mwaka 1938 mtu aitwaye Ito Eizo alikwenda kutafuta katika vijito vinavyoingia mto Kotaki, akayakuta mawe ya kijani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Kawano Yoshinori, alithibitisha katika andiko lake kwamba ni jadeiti. Bonde la Kotaki likawekwa chini ya hifadhi ya taifa mwaka 1956, na mwaka 2016 chama cha wataalamu wa madini cha Japani kiliichagua hisui kuwa jiwe la taifa.

Hebu tulipime jambo hili. Laiti mwandikaji wa Man'yoshu angeona kwamba jina la mto ni refu au geni, akaandika "mto fulani" tu. Au laiti mnakili wa baadaye angeliweka badala yake jina la mto unaojulikana zaidi, Soma Gyofu asingekuwa na pa kuanzia. Jiwe lingebaki mtoni likikanyagwa na wavuvi. Jina ambalo kwa miaka mingi halikumwambia msomaji chochote ndilo lililomwongoza mtu hadi kwenye jiwe.

Ndiyo sababu nikaona aibu kwa jibu langu. Neno hirizi lingemrahisishia msomaji wa muhtasari, lakini lingemfungia njia. Angedhani ameelewa, asitafute zaidi. Watafsiri wa mchezo kwa Kiingereza, ambao hawakusita kubadilisha majina ya wahusika, na hata kumgeuzia Maya bakuli la tambi kuwa mkate wenye nyama, waliliacha neno magatama kama lilivyo. Nadhani katika hilo walifanya sawa.

Najua lipo pingamizi. Tukiacha kila neno la kigeni kama lilivyo, Kiswahili kitakuwa gunia la maneno ya watu. Pingamizi hili lina uzito, nami si mtetezi wa uvivu wa kukopa. Tunapokuwa na neno linalobeba kitu chote, tulitumie kwa fahari. Lakini Kiswahili hakikuwahi kuogopa mgeni mwenye mzigo wake. Humpa mkeka, kisha humfundisha adabu za nyumba. Kitabu kilikuja kutoka Uarabuni, tukakipa wingi wa vitabu kana kwamba kilizaliwa Lamu.

Nilimwita mpwa wangu nikamwambia afute hirizi, aandike "magatama, yaani kito kilichopinda". Akanisikiliza mpaka mwisho wa habari ya mto na mshairi, kisha akainama kuandika. Nilipochungulia daftari lake nilikuta ameandika kwamba wakili alikuwa na "gatama moja" tu, na Pearl akaijaza nguvu. Nilitaka kumsahihisha, kwamba ma- ile si ya wingi, na kwamba neno linakaa vizuri zaidi katika ngeli ya nyumba: magatama hii, magatama hizi. Nikasita kidogo, maana hivyo ndivyo wageni wetu wote walivyoanza kuzoea nyumba. Kisha nikamsahihisha. Safari hii nilikuwa na hakika ya ninachokisema.